Ngoma ya Bibi Ilipobadilika Sauti

Mwezi uliopita nilikuwa napandisha ile njia ya mawe kuelekea kwangu Igogo, mkono mmoja nimeshika mfuko wa dagaa, mwingine nimeinua gauni nisijikwae, nikasikia ngoma yangu inapigwa. Sisemi ngoma tu. Nasema yangu. Mtoto wako akilia katikati ya watoto wa mtaa mzima unamjua, hata ukiwa jikoni na mafuta yanachemka. Nilisimama palepale, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa swali la nani anapiga. Kilikuwa: anataka nini nayo?

Aliyekuwa anapiga ni wifi yangu, mtu mzima, amefika asubuhi ile kwa meli ya Bukoba na mkungu wa ndizi. Alikuta mlango uko wazi, mume wangu amemkaribisha sebuleni, naye akaona akae karibu na ngoma aisalimie kwa vidole. Basi. Nilimwamkia shikamoo vizuri, nikampokea vizuri, lakini macho yangu yalishapita juu ya bega lake zamani. Nilipapasa ngozi. Nilipitisha kidole kwenye vijiti vinavyoibana ngozi, kimoja kimoja. Nikainama nikainusa. Wifi akanitazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, sijaila," akasema.

Wenzangu tunaopiga pamoja kwenye harusi na sendofu wameshanizoea. Wanasema ninazionea wivu ngoma kuliko ninavyomwonea wivu mume. Siziazimishi, siziachi ukumbini, na gari likipakiwa vyombo mimi hukaa nyuma nazo. Sikatai. Ila wewe ambaye tumekaa pamoja siku nyingi nadhani nikueleze hii tabia niliirithi wapi, maana sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowahi kuishi nao.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kisiwani Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Mama yangu alipata kazi kwenye kiwanda cha samaki Mwanza, kazi ya zamu, na hakukuwa na wa kukaa na mimi. Siku moja akanipandisha kivuko na begi langu na viatu vilivyonizidi miguu, akaniambia nitakua navyo. Nilikua navyo kweli, vikanibana, nikaviacha, na bado nilikuwa kwa bibi.

Nyumba yake ilikaa kati ya majabali mawili makubwa. Mbele yake palikuwa na jiwe pana, bapa kama sakafu ya darasa, limeinamia upande wa ziwa. Jiwe hilo ndilo lilikuwa uwanja wetu, ghala letu na saa yetu. Hapo tulianika muhogo, hapo dagaa, hapo mtama, hapo nguo za shule. Mchana lilichoma nyayo mpaka ukarukaruka. Jioni lilibaki na joto la mwisho, nasi tulikaa juu yake tukila ugali wa muhogo na samaki furu wa kuchemsha, mchuzi mwepesi wenye nyanya mbili na limau. Ukipita leo mahali panaponukia muhogo uliolowekwa, wewe unaweza kukunja uso. Mimi huwa nasimama kidogo.

Na kwenye jiwe hilo, kila asubuhi, kabla ya muhogo na kabla ya dagaa, zilitoka ngoma.

Zilikuwa tatu. Kubwa tuliiita Mama, ya kati Binti, na ndogo Kitindamimba. Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa fundi wa mitumbwi. Wakati anamchumbia bibi, bibi alikuwa msichana aliyefukuzwa mara nyingi kwenye ngoma za wanaume. Akigusa tu, anaambiwa atazikausha sauti. Babu akachukua gogo lililobaki kwenye kazi ya mtumbwi, akalichonga, akalitoboa, na siku ya harusi yao, ng'ombe aliyechinjwa kulisha wageni ndiye aliyetoa ngozi. "Chukua yako," akamwambia, "usiombe tena za watu." Binti na Kitindamimba zilikuja baadaye. Lakini Mama ilikuwa ndoa yenyewe. Ngozi yake ilikuwa na baka la kahawia upande mmoja, umbo lake kama kisiwa, na bibi alipenda kusema ni Ukerewe imechorwa na ng'ombe.

Kazi yangu ilikuwa kuzitoa juani, Mama kwanza. Kuzifuta vumbi kwa kitambaa. Kupaka samli kidogo sana, kwa kidole kimoja, kuzunguka ukingo. Masika tuliziweka karibu na jiko, si karibu sana, bibi akipima umbali kwa shavu lake. Kabla ya kupiga alizigonga polepole kwa kucha, akasikiliza, akainamisha kichwa. Alikuwa na msemo wake: ngoma ni kama mgonjwa, muulize kwanza ndipo umguse.

Bibi aliongoza kikundi cha akina mama. Walipiga kwenye harusi, kwenye mavuno, na Jumapili kanisani wakati wa matoleo. Yeye alishika Mama, na Binti ilishikwa na jirani yetu, mwanamke wa Kihaya aliyeletwa kisiwani na kazi ya mumewe, nyumba yake ng'ambo tu ya shamba letu la muhogo. Mimi nilimwita Mama Jirani. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, mwenye kicheko kinachoanza kabla ya mzaha kwisha. Alipika ndizi kwa majani yake, na kwenye pindo la kanga hakukosa buni za kutafuna, alizoletewa kutoka kwao. Bibi alimwita mdogo wangu, naye akamwita bibi dada. Kati yao kulikuwa na desturi: anayeona mvua kwanza ziwani anapiga kelele, na kila mmoja anakimbilia jiwe la mwenzake kuokoa muhogo. Sikuwahi kuona mtu akianza na muhogo wake.

Sasa ikaja masika moja, bibi akashikwa na malaria kali. Alibebwa kwenye baiskeli mpaka zahanati, amefungwa kanga kiunoni asidondoke, mwendeshaji anakokota, Mama Jirani anasukuma nyuma. Akachomwa kwinini. Aliporudi alikuwa mwepesi kama kuni kavu, akilalamika masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki. Watu wakamwambia ndiyo kwinini hiyo, itapita. Baada ya muda akasema nyuki wamehama, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Akiwa bado kitandani, mwalimu wa kwaya alikuja na kofia mkononi. Mtoto wake wa kike alikuwa anaolewa, na harusi bila ile ngoma kubwa isingekuwa harusi. Bibi hakumpenda sana mwalimu huyo. Mara mbili alishaomba ngoma zikae stoo ya kanisa, "zitunzwe vizuri," na bibi alimjibu kwamba mtoto hatunzwi na asiyemzaa. Lakini kuinyima harusi ngoma ni jambo zito. Akamwita Mama Jirani akamwambia, "Ichukue wewe. Kwa mkono wako tu."

Ikaenda, ikapigwa, ikarudi juu ya kichwa cha Mama Jirani mwenyewe, imefunikwa kanga dhidi ya umande. Niliipokea mimi. Niliiweka mahali pake.

Bibi alipopata nguvu ya kukaa jiweni, akaitisha ngoma. Nikamletea Mama. Akaigonga kwa kucha, akainamisha kichwa. Akagonga tena. Akaipiga kwa kiganja, mara moja, katikati. Mimi nilisikia sauti ileile iliyokuwa ikiingia tumboni siku zote. Lakini uso wa bibi uliganda.

"Hii siyo," akasema.

Bibi alizaliwa na Kikerewe, na Kiswahili chake kilikuwa na R mahali pa L. Watoto wa shule walimcheka kwa siri. Siku ile sikuona cha kuchekesha.

"Hii siyo ngoma yangu. Wamenibadirishia."

Aliikagua kama askari anavyokagua mzigo. Ufa mdogo wa kwenye mguu wa ngoma ulikuwepo. Alama ya moto ya mwaka ambao iliwekwa karibu mno na jiko ilikuwepo. Vijiti vyote vilikuwepo. Nikadhani amekwisha, nikaanza kupumua. Ndipo akasema: gogo ni lake, ngozi ndiyo siyo. Nikamwonyesha baka. Akaliinamia kwa muda mrefu, akalilowesha kwa mate, akalisugua. "Wameripaka," akasema.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba shaka haikosi chakula. Ukiipa ushahidi inakula, na ukiinyima ushahidi inakula huko kunyimwa. Wakati ule nilikuwa mtoto, na bibi ndiye aliyejua ngoma kuliko mtu yeyote kisiwani. Akisema hailii vizuri, mimi ni nani? Nilianza kuisikia vibaya na mimi. Ndiyo, niliisikia kweli: sauti imefifia, imejaa maji, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Sikio la mtoto hufuata uso wa anayempenda.

Mama Jirani alipokuja jioni na sahani ya ndizi, bibi hakumshutumu. Alimwambia tu, bila kumtazama, kwamba ngoma hairii. Mama Jirani akashika kifua. "Dada, labda imechoka. Walipiga mchana kutwa siku ile. Tutaangalia la kufanya." Akaondoka akiwa ameinama. Bibi akamfuata kwa macho mpaka alipopita shamba.

"Umeona?" akaniuliza. "Ameshtuka."

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika. Ndizi zilizoletwa zilimwagiwa kuku. Nilikatazwa kula kwa Mama Jirani hata buni moja. Ngoma zilihamia ndani ya chumba cha bibi na hazikutoka juani bila yeye kukaa hapo kama mlinzi, kisu cha kumenyea muhogo mapajani. Mimi nikapewa kazi mpya. "Wewe ni macho yangu," akaniambia. Basi nilikuwa macho. Nilijua Mama Jirani anateka maji saa ngapi, anasimama na nani njiani, mwalimu wa kwaya amepita kwake mara ngapi na amekaa nje au ameingia. Kila nilichokileta bibi alikipokea kwa kutikisa kichwa, polepole, akikiweka juu ya kingine. Mwalimu amecheka? Wanatucheka sisi. Mwalimu hakucheka? Basi yalikuwa mazungumzo mazito. Mama Jirani mwenyewe aliniona, nina hakika, nikijificha nyuma ya migomba yake michache. Aliimba kwa sauti zaidi, kana kwamba ananisaidia kujua alipo.

Siku moja nikaona ngozi.

Ilikuwa nyuma ya jiko lake, ngozi mbichi ya ng'ombe, imetandazwa juani na kukazwa kwa vijiti pembeni, nzi wanaizunguka. Nilikimbia nyumbani na miguu isiyogusa chini. Nilieleza nilichokiona, hivyohivyo kilivyokuwa, wala sikuongeza. Bibi aliketi. Kisha akasema, kama mtu aliyepona, "Afadhari."

Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, watu wakiwa bado wanapeana mikono uani, bibi alisimama mbele ya Mama Jirani. Nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yake.

"Ngozi ya ndoa yangu iko wapi?"

Mama Jirani alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha anaoanza. "Dada?"

"Umeiazima ikiwa hai, umeirudisha maiti. Na nyuma ya jiko rako unaanika nyingine. Umezoea sasa. Unabadirisha ngozi za watu kama nyoka."

Mwalimu wa kwaya akasogea, akanyoosha mikono, "Mama zangu, tuyazungumze ndani," na bibi akamgeukia yeye naye: "Wewe ndiye unayezitaka siku zote. Unadhani sijui?" Mwalimu akarudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. Mama Jirani hakupiga kelele. Watoto wake walikuwa pale, wakubwa wawili, wanamtazama. Aliuma mdomo wa chini, akasema polepole, "Dada, ile ngozi ni yako." Halafu akawashika watoto wake mikono na kuondoka.

Bibi alinitazama kwa ushindi. "Umemsikia? Amekiri."

Wala hakuwa amekiri. Baadaye ilijulikana kwamba Mama Jirani, tangu siku ile bibi alipomwambia ngoma hailii, alijilaumu. Aliona kwamba ngozi imechoka mkononi mwake, naye ndiye wa kuiwamba upya. Akaenda kwa wachinjaji wa Nansio, akachagua, akaibeba kichwani inanuka, akaianika kimyakimya ili amshangaze dada yake. Lakini siku ile uani nani angeamini? Hata mimi sikuamini.

Kikundi kikapasuka. Waliomwamini bibi walibaki na bibi, nao walikuwa wachache na wengi wao walimwogopa zaidi ya kumwamini. Mavuno yakaja bila ngoma. Matoleo kanisani yakapelekwa kwa kinanda cha betri ambacho mwalimu alikipiga kwa vidole viwili. Nyumbani, bibi alipiga Mama peke yake mchana, kwa nguvu, kwa nguvu kupita zamani, akiitafuta sauti ndani yake kama mtu anayekung'uta gunia akidhani kuna punje imebaki. Akiacha, anakaa ameshika ngozi kwa viganja vyote viwili. Niliwahi kumkuta analia, na aliponiona akaniuliza nimetumwa na nani.

Ndiyo, hata mimi. Shaka ilikuwa imenifikia na mimi.

Kisha ikaja ile siku ya muhogo. Kiangazi kilikuwa kinakatika. Tulikuwa tumeanika wa kutosha kula miezi, jiwe zima limekuwa jeupe, bibi ameinama upande wa chini anageuza vipande, mimi niko juu. Nikasikia radi, mbali, nyuma ya kisiwa, ile ya kunguruma chini kwa chini. Nikageuka. Ziwa lilikuwa limeshabadilika rangi, ukuta wa mvua unakuja. Na ng'ambo ya shamba nikamwona Mama Jirani ametoka nje, mkono kwenye paji la uso. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya kanisani. Lakini mazoea yana nguvu kuliko hasira.

"Dada! Mvua!"

Bibi aligeuza kipande cha muhogo. Akageuza kingine.

"Dada! Mvua hiyo!"

Hakuinua kichwa. Niliona uso wa Mama Jirani ukianguka, kama mtu aliyefungiwa mlango. Akageuka aende zake. Ndipo radi ikapiga tena, karibu zaidi, kuku wote wakakimbilia ukutani, mimi mwenyewe nikachuchumaa. Bibi akageuza muhogo.

Mama Jirani akasimama. Akanitazama, nami nikamtazama. Sitasahau namna alivyokuja, akikata shamba badala ya kufuata njia, kanga imening'inia bega moja. Alipanda jiweni upande wa kushoto wa bibi, akasimama hatua chache tu, akaita, "Dada." Kimya. Akaita kwa nguvu zaidi. Kimya. Akazunguka kwa nyuma mpaka upande wa kulia, akaita kwa sauti ileile ya kwanza.

Bibi akaruka. "Unaninyemerea nini? Umefuata zirizobaki?"

"Dada, umesikia radi?"

"Radi gani?"

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Mama Jirani akaniambia, bila kumwondolea macho bibi, "Lete Mama." Nilisita. Kazi yangu ilikuwa kuilinda na huyuhuyu. Lakini kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho hakikuwa cha mwizi. Nikaingia ndani, nikaibeba mpaka barazani, chini ya bati. Mama Jirani alimshika bibi mkono, akamvuta pale, na bibi, labda kwa mshangao, akakubali kuketi. Akamlaza shavu, akamgusisha taya kwenye ukingo wa mti wa ngoma, palepale babu alipochonga. Bibi akatoa macho ya ng'ombe anayefungwa.

"Piga," Mama Jirani akaniambia.

Nikapiga kwa kiganja, mara moja, katikati.

Sauti ilipita kwenye mti, ikapita kwenye mfupa. Niliiona ikifika. Bibi alifumba macho. Nikapiga tena. Mikono yake ikapanda, ikaikumbatia ngoma, kama anavyokumbatiwa mtu aliyeshuka kwenye meli.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye mwenyewe."

Mvua ikaanguka. Ukapotea ule muhogo wote, nasi watatu tumekaa barazani tukiutazama ukilowa na kuteleza kuelekea ziwani, na hakuna aliyesimama. Mwaka ule tulikula viazi mpaka tukavichukia.

Ungependa nikuambie walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mama Jirani alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akarudi kwake kwenye mvua. Jumapili iliyofuata bibi alisimama uani palepale, akasema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko alivyojua mwenyewe: "Ngoma haikuibwa. Sikio ndiro rimeibwa. Nirimsingizia mdogo wangu, nikamsingizia na mwarimu. Mnisikie wote kama mrivyonisikia siku ire." Mwalimu wa kwaya akainamisha kichwa. Mama Jirani alimjibu mbele ya watu hao hao: "Nimekusikia, dada. Lakini uliniita nyoka mbele ya wanangu. Niache kwanza."

Bibi akamwacha. Alingoja. Kwenye kungoja huko ndiko nilikojifunza kupiga, maana bibi alihitaji masikio, na yaliyokuwa karibu yalikuwa yangu. Alikaa ameegemeza taya kwenye Mama, mimi napiga, yeye ananisahihisha kwa kunifinya goti. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mvivu. Goti la kushoto lilijua. Na jioni moja, wakati tumezama katika kazi hiyo, Mama Jirani akapita shamba, akaingia ndani bila kubisha kama zamani, akatoka na Binti, akakaa, akaingia katikati ya pigo langu bila kuuliza. Tulipiga mpaka ugali ukaungua.

Sisemi shaka iliisha. Mtu akishazoea kuchungulia, jicho halisahau njia. Mpaka uzeeni bibi alivipapasa vile vijiti kila ngoma iliporudi kutoka popote, na kuna siku nilimwona akimtazama Mama Jirani kwa pembeni, haraka, kisha akijionea haya. Mama Jirani naye aliona. Alichukua buni kutoka kwenye pindo, akampa moja, akatia nyingine mdomoni mwake kwanza, ili dada aone.

Sikio la kulia nalo lilififia mwaka hadi mwaka. Mwishoni Mama Jirani alilazimika kumpigia kelele kila kitu: bei ya sukari, ugonjwa wa mumewe, aibu za wakwe, dhambi alizotoka kuungama. Kilima kizima kilijua habari zao. Walikuwa marafiki wawili wasioweza tena kunong'onezana. Wakati mwingine nafikiri hiyo ndiyo iliyowaponya, maana shaka hukaa kwenye mnong'ono.

Bibi alipofariki nilishahamia Mwanza, nafanya kazi hii ninayoifanya. Mama Jirani, wakati huo mjane aliyerudi kwao Kagera, alisafiri kwa meli na kwa kivuko, akafika tukiwa tunajiandaa kufunga jeneza. Alikuwa amezeeka, amekonda, kicheko kimeisha. Watu wakampisha. Hakwenda upande uliokuwa karibu naye. Alizunguka jeneza lote, akafika upande wa kulia, akainama, akapaza sauti mpaka bati zikajibu: "Dada! Nimefika!"

Hakuna aliyecheka, wala aliyemwambia anyamaze.

Nilirudi Ukerewe mwaka jana. Lile jiwe limepasuliwa kokoto. Ukiuliza, wanakuonyesha nyumba nzuri za Nansio zilizojengwa nalo. Kikundi cha akina mama hakipo, na kanisani kuna spika ndefu kuliko mimi. Ngoma zote tatu ninazo mimi, sauti zao hazijapungua, na mtaani kwangu watu hupita wakasifu. Lakini majirani zangu wanazungumza kwa sauti za chini, kila mmoja nyuma ya geti lake, na mimi nikiwa mmoja wao. Tangu siku ile ya mazishi sijasikia tena mtu akimwita mwenzake kwa sauti kubwa namna ile, bila hasira hata kidogo.